Mende wa Trei ya Pili

Pale chuoni walimwita Mama Sisimizi, na jina hilo alilipokea kwa mikono miwili, maana watoto wa kuzaa hakujaaliwa. Kila asubuhi bawabu alimtania, "Watoto wameamkaje?" Naye humjibu, "Wazima. Wa nyumbani kwako tu ndio wanaoiba sukari." Kisha hupanda ghorofa ya pili hadi maabara, akavaa koti jeupe lililochakaa viwiko, akaanza kuwagawia wadudu wake nyenje aliowafuga mwenyewe, waliokatwakatwa. Miaka ishirini na miwili, na hajapata kuonekana mtu aliyeipenda hivyo kazi isiyo na ahsante.

Kundi lilikuwa moja. Lilipozidi kukua alilitenga mwenyewe katika trei mbili, malkia huku na malkia kule, akaziweka rafu moja bila kugusana. Bosi wake, Profesa, alishamfundisha kwamba sisimizi hamjui nduguye kwa sura. Humpapasa, akanusa mafuta yaliyo mwilini mwake. Harufu ikiwa ya nyumbani humpisha, ikiwa ngeni humuuma hadi afe. Na chakula huingia katika harufu hiyo, ndiyo maana kila mlo uliandikwa daftarini.

Sasa chuo kilitaka chumba chake. Jengo jipya lilikuwa na nafasi ya trei moja tu. Nyingine iende friza, wafe kwa baridi. Mama Sisimizi alikosa raha wiki nzima, kisha akapiga moyo konde.

"Profesa, tuwaunganishe. Si ndugu hawa?"

Profesa alivua miwani. "Wamekula chakula kimoja muda wote?"

"Kimoja."

Ulikuwa uongo. Mwaka uliotangulia mumewe alilazwa hospitali miezi minne, na yeye hakumwambia mtu kazini, asije akaonekana mwanamke wa visingizio. Nyenje wakafa kwa kukosa matunzo. Waliobaki walitosha trei ya kwanza tu, basi wa trei ya pili akawapa mende wa stoo, na daftarini akaandika nyenje asiulizwe, apate kuwahi saa ya kuona wagonjwa. Mara nyingi hakuwahi. Hata siku mumewe anakata roho, yeye alikuwa amesimama mbele ya rafu hii na kibano mkononi. Baada ya mazishi aliendelea vivyo hivyo. Wanashiba, alijiambia, inatosha.

Waliweka kijiti kiwe daraja kati ya trei. Sisimizi wa kwanza akavuka, akapapasana na mwenzake wa upande wa pili, na kwa kitambo kidogo ungedhani wanasalimiana. Halafu wakakamatana miguu. Profesa aliharakisha kuondoa kijiti, lakini waliokwisha kuvuka walikuwa wengi mno. Kufika alasiri malkia walikuwa wameburutwa nje vipande vipande, na sakafu ya trei zote mbili ilikuwa nyeusi kwa maiti.

Profesa hakumlaumu. Alikaa mezani, akafungua kitabu alichokuwa akikiandika, akaanza kupiga mstari ukurasa baada ya ukurasa.

"Unafuta nini, Profesa?"

"Miaka kumi na tisa. Nilidai kwamba wakila kimoja wanabaki ndugu, hata ukiwatenga. Hawa wamekula kimoja, na umeona mwenyewe. Kumbe nimewafundisha watu uongo."

Mama Sisimizi angeweza kunyamaza. Profesa alikuwa anastaafu mwezi uliofuata, na neno la mwanamke huyu aliliamini kuliko macho yake mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

"Hawakula kimoja," akasema. "Wa pili niliwapa mende. Tangu mzee wangu alipolazwa."

Kalamu ikasimama. "Mzee wako alilazwa?"

"Miezi minne. Nimeshamzika."

Profesa aliweka kalamu chini, macho yamemjaa machozi.

"Miaka yote hii tuko chumba kimoja," alisema polepole. "Ungeniambia tu. Ningewalisha mimi, wewe ukakae naye."

Mama Sisimizi alipapasa nyuma kutafuta kiti, akakikosa, akakaa sakafuni na koti lake jeupe.