Waragi Ndani ya Tangi

Siku moja kabla ya risasi, mume wangu Bwambale alikuwa amelala chini ya pikapu yetu kuukuu, nyumbani Karambi, akitukana. Vituo vya mafuta vya Bwera vilikuwa vimefungwa kwa hofu ya waasi, naye alikuwa ameapa gari litatembea kwa waragi, pombe kali ninayoipika mimi. Alipanua tundu la kabureta. Injini baridi haishiki waragi, kwa hiyo alianza na petroli kidogo kutoka chupa ya soda. Ikakohoa, ikanguruma. Biira, mdogo wangu aliyeniita Yaya, yaani dada, alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaya, angalia gari ya mulevi!"

Bwambale hakucheka. Alisema waragi iliyopikwa mara mbili inawaka vizuri, ila gari linainywa haraka kuliko petroli, na maji yakizidi humo, kwisha. Tukalala tukimtania.

Asubuhi tulisikia milio. Biira alikuwa uani akiwasha moto. Aliingia ndani kwa miguu yake, akasema taratibu, "Yaya, balinipiga."

Damu ilikuwa pajani.

Nilimfunga kwa kitenge. Fundo lilinishinda mara mbili. Hospitali ya karibu ilikuwa upande wa milio. Ilibaki ile ya mbali, mjini Kasese.

Bwambale alikuwa ameshanyanyua dumu lililokuwa mlangoni. "Mama, hii iko kali? Haina mayi?"

"Iko kali. Haina mayi."

Hilo ndilo jibu la kila mpikaji. Mnunuzi akiuliza, mdomo unajibu wenyewe, akili bado iko njiani. Jioni ya kuamkia soko sote tunaongeza maji; muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na hakuna anayegombana. Siku ile ilikuwa ya soko, na dumu la mlangoni lilikuwa la kuuza. Waragi kali ilikuwa chini ya kitanda.

Alimimina. Petroli ya mwisho ya chupa ikaamsha injini, na waragi ya jana iliyobaki tangini ikatutoa Bwera.

Kwenye kizuizi askari alinusa hewa. "Nani amelewa hapa?"

"Afande, iko mugonjwa," nikasema.

Akamwona Biira. "Pita! Haraka!"

Tulipoipita Munkunyu injini ilianza kukatakata. Bwambale alikanyaga, akabembeleza, akatukana.

Ikazima.

Barabara nzima hapakuwa na mtu. Nyuma yetu moshi ulikuwa unapanda.

Alichukua dumu, akaonja matone yaliyobaki chini. Akaniangalia. Alimbeba Biira mgongoni, tukaanza kutembea, mimi nikigeuka kila hatua chache kutazama kama wanakuja.

"Yaya, iko baridi," Biira alisema, na jua lilikuwa linachoma.

Alikufa kabla gari lingine halijatokea.

Mazishini wajomba walimuuliza Bwambale gari lilikufaje. "Kabureta iliziba," alisema, nao wakaridhika.

Damu ilikuwa nyingi. Labda tungempoteza hata kwa tangi zima la petroli. Najiambia hivyo, na siku nyingine naamini. Miaka imepita, tunakula sahani moja, na Bwambale hajaniuliza juu ya dumu lile mpaka leo. Siku atakayoniuliza naiogopa kuliko nilivyoziogopa zile risasi.