Koo la Rais, Koo la Baba

Baba alifundisha historia Makambako hadi akastaafu, na katika wote waliowahi kutawala alimpenda mmoja tu, rais wa kwanza wa Marekani. Hakuwa kwenye silabasi. Baba alimwingiza kwa nguvu, kipindi cha mwisho cha Ijumaa, sisi wanafunzi tukiwa hoi kwa njaa. Nilikuwa dawati la mbele, mwanawe, nikiona aibu.

Alitusimulia juu ya kijana aliyepima mashamba ya watu, akawa jemadari, akawashinda Waingereza, akatawala vipindi viwili kisha akarudi shambani kwake kwa hiari. Hapo baba alitutazama mmoja mmoja ili tuwafikirie watawala tunaowajua sisi. Halafu alikunja uso: mtu huyohuyo alimiliki watumwa, na katika wosia aliagiza waachwe huru, ila baada ya mkewe naye kufa. "Mkubwa, lakini mwoga," alisema.

Kifo alikiweka mwisho. Rais mstaafu alizunguka shamba kwa farasi kwenye mvua na theluji, koo likavimba. Akaomba mwenyewe atolewe damu, tiba ya zama zile. Wakaja madaktari watatu, wakamtoa damu tena na tena, na usiku huo akafa. "Nani alimuua?" aliuliza baba. Aliyejibu ugonjwa wa koo alipata sifuri. Jibu lilikuwa: watu waliompenda, waliokuwa na haraka.

Mwaka juzi, kwenye baridi ya Juni, baba alipoteza sauti nyumbani kwetu Lyamkena. Hata mate yalimshinda kumeza. Akaandika kwenye daftari: Hospitali. Lakini shangazi alikuwa amefika kutoka Igwachanya. Alimmulika mdomoni kwa tochi ya simu, akasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, kimerefuka.

"Hospitali hawajui kimeo," aliniambia. "Wewe mwenyewe ulikatwa ukiwa mdogo, ukapona."

Ni kweli nilikatwa. Na mkataji wa vimeo alikuwa anaishi mtaa wa pili tu. Mimi, mwenye shahada ya ualimu, nikaenda kumwita kwa miguu yangu. Mpaka leo nikikumbuka hatua zile najichukia.

Baba alitikisa kichwa. Yule Mmarekani angalau aliomba mwenyewe.

"Baba, ni dakika moja tu," nilimwambia, nikamshika mabega. Sikujua kuwa amekwisha nguvu kiasi kile. Mkono mmoja ulitosha kumtuliza. Mkataji akaingiza kisu chake chembamba kilichopinda, baba akatema damu kwenye beseni la kufulia.

"Acha itoke, ni damu chafu," alisema shangazi.

Haikukoma. Tulipomfikisha hospitali Njombe, daktari aliuliza nani kamkata, bila hata kupaza sauti. Alisema lilikuwa jipu, na majipu ya koo yanatibika. Baba aliishi siku mbili zaidi. Daftari lilikuwa kando ya mto wake, na hakuandika tena neno.

Sasa historia naifundisha mimi, na Ijumaa namsimulia rais yule kama nilivyosimuliwa. Wiki iliyopita msichana mmoja aliyetoka Matamba aliniuliza alikufaje. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Niligeukia ubao, nikaandika: ugonjwa wa koo. Wote wakanakili.