Presha ya Mtoto Asiye na Mawazo

Juzi, stendi ya Bunda, mama mmoja wa mtaa wa Kitaji alikuwa akimnyonyesha mwanawe mchanga huku akisubiri basi la Mwanza. Muuza dagaa, mama mtu mzima, akamuuliza mtoto anaumwa nini.

"Presha."

Muuza dagaa akacheka. "Presha si huletwaga na mawazo? Huyu anawaza nini, na titi analo mdomoni?"

"Daktari kasema chanzo kimejificha, labda kwenye figo. Mwanza kuna ultrasaundi. Wanampaka mafuta tumboni, wanaona ndani bila kumpasua."

Kicheko kikakatika. Muuza dagaa akajishika chini ya titi la kushoto. "Na mimi presha ninayo. Mwanangu alikwendaga machimboni, hajarudi. Hiyo mashine inaweza kunionyesha alipo?"

"Mama, inaonaga vya ndani tu."

"Sasa si ndimo alimo?"

Tangu biashara iwe huria tunaletewa kila kitu, hadi mashati yaliyokwisha kuvaliwa Ulaya. Mashine anayoitaka muuza dagaa bado haijashushwa. Basi lilipoondoka alilisindikiza kwa macho, mkono ungali palepale.