Gari Lalindwa Kuliko Siri za Wagonjwa

Juzi nilimsindikiza jirani yangu kwenye ofisi ya shirika moja hapa Iringa, linalosaidia wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Alikuwa na swali moja tu: wifi yake alijuaje kwamba naye anazitumia? Maana ameshatangaza kwa ukoo mzima, na mume amehamia kwa mama yake.

Tulimkuta binti wa mapokezi akiomba gari la ofisi kwenye kompyuta. Aliandika nywila, akasubiri namba za siri kwenye simu, kisha akampigia bosi aruhusu.

"Ulinzi wote huo, mwanangu?" nikamuuliza.

"Bibi, wafanyakazi walikuwa wanalipeleka misibani mpaka vijijini huko Idodi. Bosi akachoka."

"Na majina ya wagonjwa mnayalindaje?"

Akaelekeza kidevu ukutani, juu ya chupa ya chai. Nywila ya kufungulia majina hayo ilibandikwa pale, imeandikwa kwa kalamu nene. "Ile ni ya wote. Wanaojitolea hapa wanabadilika kila mara."

Jirani yangu akaisoma. "Wifi yangu alijitolea hapa wiki mbili."

"Pole, dada. Tutaibadilisha."

"Na mume wangu mtamrudisha?"



Mimi niliishia darasa la saba, kompyuta sizijui. Ila nimeona kwamba kulinda wanajua. Gari likipotea wafadhili watauliza. Mwanamke akiachwa, nani atauliza?

Tukiwa tunatoka, binti akamsogezea daftari la wageni, lililokaa wazi mezani. "Andika malalamiko, dada. Jina, simu, na shida iliyokuleta."