Uchafu wa Mgeni Rasmi

Marselina hakuzaliwa Munisagara. Baba yake alitoka mbali kuja kukata mkonge, akazikwa hapa. Mume wake Mathayo, mtu wa gengi la reli, naye akazikwa hapa. Ulipokuja wakati wa kuwapanga watu kijijini, karani akamuuliza kwao ni wapi. Akamwambia, "Kwetu ni pale penye makaburi yangu mawili. Andika." Kusoma alijifunza katika elimu ya watu wazima miezi minne, akajua kuandika jina lake, akaona inatosha.

Kila kiangazi kilipokaribia, wanawake wa Munisagara walishuka kijitoni. Waliokota makopo na maganda waliyotupa abiria wa treni pale darajani, wakafukia shimoni, kisha wakachimba upya visima vyao vya mchangani. Hakuna aliyewapigia ngoma. Mwaka ule wa sabini na sita Marselina aliwakimbiza zaidi, kwa kuwa binti yake Paulina alikuwa amejifungua Jumanne, na mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Alhamisi kijito kilikuwa kinang'aa.

Ijumaa mchana Yeremia, katibu wa tawi la Chama, akashuka kukikagua, akashika kichwa.

"Shikamoo mama. Uchafu uko wapi?"

"Marahaba. Uchafu gani, baba?"

"Wa kesho! Mgeni rasmi anakuja na treni kutoka Kilosa kuona wananchi wanavyojitolea kusafisha kijito. Nimeandika kwamba kijito kinatisha!"

"Basi andika tena kwamba kimeacha kutisha."

"Mama Paulina, haya ni mambo ya Chama. Huwezi kuyaelewa."

Marselina akajitwika ndoo yake, akaondoka. Kweli hakuyaelewa.

Jioni ile Yeremia aliwatuma wanaume wanne kwenye kilabu cha pombe. Wakabeba magunia ya machicha yaliyooza, yale ambayo hata nguruwe walikuwa wamesusa, wakayamwaga kijitoni pamoja na matambara na makopo. Yeremia aliwaelekeza wamwage palepale penye visima, kwa sababu pana nafasi nzuri ya mgeni kusimama. Mtu ambaye hajawahi kuteka maji tangu azaliwe, kwake kisima ni shimo tu.

Alfajiri Marselina akakuta kisima chake kinatoa povu. Akachota kata moja, akanusa, akamwaga. Nyumbani Paulina alikuwa amelala kiuno kinamuuma, na mtungi ulikuwa mkavu. Akaketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akasubiri. Wenzake walipofika, nao wakaketi.

Mwisho akaja Costancia, mke wa katibu, na madebe mawili. Maji ya chai ya mgeni, na ya pilau.

"Chota, shoga," Marselina akamwambia. "Mumeo kakutilia na majani ya chai kabisa."

Costancia alitazama lile povu, akaacha madebe palepale, akarudi kumwita mumewe kwa sauti iliyofika hadi stesheni.

Yeremia akaja mbio na shati lake la kijani lililopigwa pasi.

"Kina mama, nendeni mkateke kule juu, kupita daraja! Nusu saa tu!"

"Sisi tumekuja kusafisha," Marselina akasema. "Ndivyo ulivyotangaza. Au tuondoke, mgeni akute uchafu peke yake?"

"Mama, nakuomba, treni inafika saa tatu!"

"Basi wahi, mwanangu. Miguu unayo."

Akamsokotea ngata ya majani ya mgomba kwa mikono yake mwenyewe, akamwekea kichwani pamoja na debe moja la Costancia.

Kwa hiyo mgeni rasmi aliposhuka stesheni na kufuata njia ya kijitoni, mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa katibu wa tawi na debe kichwani, shati limelowa hadi kiunoni, shingo imeingia mabegani kama kobe.

"Huyu ndiye kiongozi!" mgeni akasema, akapiga makofi. "Anabeba mwenyewe! Ndugu Katibu, maji haya ni ya nani?"

Yeremia akafungua mdomo. Marselina akawahi.

"Ni ya mzazi wangu, Ndugu Mgeni. Binti yangu ana siku nne tangu ajifungue. Katibu kajitolea."

Mgeni alikuwa bado anapiga makofi. Yeremia akalipeleka debe mpaka jikoni kwa Marselina, akalitua, akachukua la pili lililobaki kijitoni na kurudi njia ileile kuteka ya chai, huku mgeni rasmi akisubiri chai juani, akitazama wanawake wakizoa machicha.

Marselina hakungoja hotuba. Alichochea moto, maji yakachemka, akachovya kitambaa na kumkanda binti yake kiuno mpaka jasho likamtoka.

"Mama, maji haya meupe umeyatoa wapi?"

"Kayaleta Chama," akasema. "Geuka huku."