Mzee wa Jalada na Sura Isiyo na Jina

Jamani, nimemwona kwa macho yangu mtu akikitukana kitabu chake mwenyewe mbele ya kamati nzima, tena kwa raha zake.

Kaeni niwape mkasa.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Nafundisha somo la lugha za programu, yaani zile lugha tunazotumia kuipa kompyuta maagizo. Mama yangu anawatangazia majirani kwamba nafundisha lugha. Wakimuuliza ipi, anajibu, "Zote."

Mwaka jana wanafunzi wangu walifeli vibaya. Nikaitwa, nikaambiwa waziwazi: wakianguka tena, mkataba wangu hauongezwi.

Na mimi mchawi nilikuwa namjua. Kitabu.

Kilitungwa na mkuu wa idara yetu. Sisi wadogo tulimwita Mzee wa Jalada, maana jalada zima ni picha yake, kavaa joho, kashika kidevu, anawaza.

Ndani sasa! Kwenye sura ya kujirudia, yaani programu inapojiita yenyewe tena na tena, kinaeleza hivi: "Kujirudia ni hali ya programu kujirudia."

Basi. Chini yake kuna mfano. Wanafunzi waliuandika kama ulivyo, kompyuta za maabara zikaganda zote, mpaka fundi akaja kuchomoa nyaya ukutani.

Nilipolalamika, Mzee alicheka. "Binti yangu, kitabu hiki kilishapitishwa na kamati. Likishapita limepita."

Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake. Kila aliyetaka jambo lijadiliwe tena alipigwa nayo.

Muda wa kuchagua kitabu upya ulipofika, nikajikaza kisabuni.

"Mzee, tuchague kwa haki. Nitatoa fotokopi ya sura ya kujirudia kutoka kila kitabu, bila jalada, bila jina. Tusome, tupige kura."

Wenzangu wakaniangalia kama marehemu mtarajiwa. Mzee akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Wazo zuri sana! Tutenganishe mchele na pumba."

Alikuwa na uhakika, maskini.

Siku ya kikao niligawa karatasi huku nikiwaza mabaya. Mzee angeitambua sura yake, wote wangeisifia, na mimi ningeanza kufungasha vitu vyangu.

Akavaa miwani. Akasoma ya kwanza, akaguna. Akachukua ya pili, akakunja uso.

"Hii kaandika nani?"

Nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

"Hebu sikilizeni! 'Kujirudia ni hali ya programu kujirudia.' Huyu mtu ana akili timamu? Na mfano wenyewe hauna mahali pa kusimama! Utazunguka mpaka kiama!"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Hawa hawa waliokuwa wanakisifia kila mwaka! Mama wa Takwimu, mwalimu mkongwe kuliko wote pale, alijifunika uso kwa karatasi, mabega yanamtikisika. Yeye alikuwa ameshaitambua.

"Hii tuitupe kwanza," Mzee akasema. "Wanaokubali?"

Mikono yote juu. Wa kwake ulitangulia.

"Imepita. Haya, binti yangu, tutajie huyo mwandishi, tusije tukamwalika hapa siku moja."

Nilifungua mkoba, nikaweka kitabu mezani.

Mzee akatazamana na Mzee. Yule wa kwenye jalada bado kashika kidevu.

Yule wa kwenye kiti akaruka wima.

"Ile sura... ile sura sikuandika mimi! Ni kazi za wanafunzi wangu wa zamani, mimi niliunganisha tu!"

Nyie, hakuna aliyemuuliza! Kajitaja mwenyewe.

Chawa wake mmoja, mpambe wake wa siku zote, akadakia, "Kwa kweli Mzee, nikiisoma tena naona ina kina fulani..."

"Sawasawa! Tulifungue upya suala hili," Mzee akasema.

Mama wa Takwimu akavua miwani taratibu. "Mwenyekiti, likishapita limepita."

Tukachagua kitabu kingine. Wanafunzi wakafaulu, mkataba wangu ukaongezwa. Nililia kwa furaha chooni, sifichi. Mzee yeye, tukikutana kwenye korido, alinisalimia huku anaangalia ukuta.

Juzi akabisha hodi ofisini kwangu na karatasi mkononi. Hazina jalada, hazina jina.

"Binti yangu, nisomee hii. Ni ya rafiki yangu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuandika mwenyewe."

Nikasoma pale pale, yeye kasimama anauma kucha kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Kujirudia kumeelezwa mpaka mama yangu angeelewa. Na mfano una mahali pa kusimama.

"Mwambie rafiki yako amefaulu."

Akakohoa, akageuza shingo kuficha macho. Alipofika mlangoni akarudi.

"Na kwenye jalada, unaonaje akiweka picha..."

"Mzee!"

"Basi, basi. Nimeuliza tu."

Funzo: ukitaka mkubwa wako aone ubovu wa kazi yake, usimwambie, hatakusikia. Mpe aisome akidhani ni ya mwingine. Halafu wewe kaa karibu na mlango.