Mita Mpya Itamwonyesha Mume Wangu Kuna Mtu Ndani Mchana

Admin, jina langu lifiche kabisa, na mkinijua kwa maandishi naomba mnyamaze. Nina miaka 36, nina binti mmoja, nauza mbogamboga sokoni hapa Morogoro na nyumbani ni Mwembesongo. Mume wangu yuko kiwanda cha sukari upande wa Turiani, na msimu wa miwa ukianza harudi mpaka uishe. Naandika harakaharaka nikiwa nimejifungia chooni, hivyo nikikosea herufi mnivumilie.

Mafundi wa umeme wanapita mtaani kwetu. Anayetaka anafungiwa mita janja, asiyetaka anabaki na LUKU yake, ile mita ya zamani ya kuingiza namba. Majirani wanashangilia, na kwa kweli hata mimi ningeshangilia, maana nimechoka kupanda kwenye stuli kubonyeza namba ndefu gizani, ukikosea moja unaanza upya. Hiyo mpya unalipa kwenye simu na umeme unaingia wenyewe. Lakini mume wangu hakuipendea hilo. Mwenzake kazini amefungiwa, na amemwonyesha kwenye simu yake jinsi umeme unavyotumika nyumbani saa kwa saa.

"Mama Tina, ni kitu cha ajabu," aliniambia kwa simu. "Mke wake akiwasha pasi saa nne, jamaa anaona akiwa kiwandani! Na sisi tufungiwe. Tutajua hizi uniti anazila nani."

Nilicheka kicheko cha uongo mpaka nikaumwa taya. Uniti anayezila namjua.

Mimi ni Mluguru, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Tina wangu, sio jina lake halisi, amevunja ungo mwaka huu. Shule zilipofungwa mama yangu akashuka kutoka mlimani na kikapu chake, akasema mjukuu wake atakaa ndani afundwe kama tulivyofundwa sisi, mpaka mjomba wake aje, ndipo mwali atolewe kwa ngoma. Tina mwenyewe alikubali, binamu zake wa kike wote wamepita humo. Tatizo ni baba yake. Yeye si wa huku, ameokoka, na tangu Tina akiwa mdogo alikuwa akiniambia, "Siku nikisikia binti yangu amefungiwa ndani kwa mambo yenu ya kienyeji, nitamtoa kwa mkono wangu mbele za watu, na wewe utamfuata na mabegi yako." Si mtu wa kutishia tu. Mlango wa jikoni una alama ya siku aliyokasirika.

Basi nikamwambia Tina yuko Kisaki kwa mama yake mdogo, likizo. Kwa akili yake nyumba yangu mchana haina mtu, mimi niko sokoni, mlango una kufuli. Mle ndani kuna mwali na bibi yake.

Na huyo bibi sasa! Mama amezoea baridi ya mlimani, joto la mjini linamtesa. Nikitoka tu anawasha feni, halizimwi mpaka jioni. Maji ya kuoga mwali anachemsha kwa birika la umeme, eti moshi wa mkaa utawaita majirani. Nimembembeleza apunguze, nikamweleza na habari ya mita, akanikodolea macho.

"Kwetu umbea unabebwa na watu," akasema. "Ninyi mmeona haitoshi, mmeupigilia na misumari ukutani?"

Ningecheka kama nisingekuwa naogopa. LUKU inajua umeme umeisha, haijui saa ngapi umetumika. Hiyo ndiyo iliyonistiri mpaka leo.

Kiwanja ni cha ukoo wetu na umeme uko kwa jina langu, kwa hiyo fundi anataka saini yangu, si ya mume. Usiku huu nilimpigia mume wangu simu, nikamwambia naona tubaki na LUKU.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nimeizoea tu, baba Tina."

"Juzi ulikuwa unalalamika stuli. Leo umeizoea." Sauti yake ikashuka. "Kuna mwanaume anashinda humo ndani?"

Nilitakiwa niseme hapana papo hapo. Kabla sijalitamka alikuwa ameshasema, "Sawa. Mita ifungwe kesho, iunganishwe na simu yangu. Nikiona umeme unatumika mchana, naomba ruhusa na nakuja bila kukuambia."

Nikisaini, feni litamwita. Atavunja mlango akitafuta mwanaume, amkute mama mkwe wake amekaa na kanga moja kwa joto, na binti yake ndani ya siku ambazo kwetu baba haruhusiwi kumwona. Mama anaamini mwali akitolewa hivyo anaharibikiwa uzazi. Mimi sijui naamini nini, ila najua Tina hatasahau. Nisiposaini, jibu la swali lake ameshalipata. Nikimzimia mama feni, ana presha, na joto hili mnalijua.

Nilidhani Tina amelala wakati nazungumza na baba yake. Nilipoingia chumbani kwao akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nitaonekana kwenye simu ya baba?"

Nikamwambia hapana, lala.

Kinachonitisha zaidi ni hiki: nimeanza kuona afadhali niache aamini nina mwanaume. Hasira yake inishukie mimi, mwanangu amalize siku zake salama. Nimekaa humu chooni nikipanga namna ya kukiri dhambi ambayo sijaifanya.

Ndugu zangu, hasa mama zangu wa Kiluguru mliopita humo, na nyie akina baba semeni bila kunitukana. Fundi anakuja asubuhi. Akinipa kalamu, nisaini au nisisaini?